Nyuki Walivyoliteka Gari la Deraya Ngamiani

Mtu mzima mwenye mke, watoto na deni la duka, akiketi mezani na kibano mkononi anabandika ribiti ndogo kuliko punje ya ufuta, hapa Ngamiani, mjini Tanga, hakosi jina. Mke wangu ananiita "mtoto wa kwanza". Fundi baiskeli wa mtaani, mzee wa heshima zake, ananiita Jenerali. Majina mengine nayasikia nikishapiga kona.

Starehe yangu ni kuunda modeli za magari ya vita. Si vinyago vya kuchezea, na wanangu wanalijua hilo vizuri. Modeli huja sandukuni ikiwa vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye fremu za plastiki. Unavikata, unavipiga msasa, unavibandika, unapaka rangi, na ikishapendeza ndipo unaanza kazi ya kuiharibu: unaitia kutu, mikwaruzo, vumbi na tope mpaka ionekane imetoka vitani jana. Hapo ndipo mimi na mke wangu tunapoachana njia. Huuliza kwa nini mtu ahangaike kuchafua kitu kilichokuja kikiwa kisafi, na mpaka leo sijapata jibu la kumtosha mtu anayefua.

Shemeji yangu yuko Maskati, na akija likizo huniletea sanduku moja. Safari hii alileta gari la deraya la Rolls-Royce la mwaka 1914. Najua, ukisikia Rolls-Royce unawaza bwana harusi. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Waingereza walizichukua chasisi za Silver Ghost, magari ya matajiri yale, wakazivika mabamba ya chuma, wakaweka juu tareti ya kuzunguka yenye bunduki ya rashasha ya Vickers. Matajiri wakabaki kutafuta usafiri mwingine. Magari hayo yalipigana Ubelgiji, yakaenda jangwani Uarabuni na akina Lawrence, yule afisa wa Kiingereza, na mwaka 1916 yakawa huku kwetu Afrika Mashariki, yakihangaika na vichaka na vumbi.

Langu lina urefu wa sentimita 14 tu, linaenea juu ya sahani ya chai, kwa sababu kila kitu kimepunguzwa mara 35. Kipimo hicho cha 1:35 hakikutoka kwa wanahisabati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani, Panther, yenye mota ndani, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri zilizotakiwa kuenea tumboni. Wengine wakafuata. Nilipomsimulia fundi baiskeli habari hiyo alifurahi sana, maana naye maisha yake yote hufunga kipuri kilichopo, si kilichoandikwa.

Huyo fundi ndiye aliyekuwa mkaguzi wangu. Gari hili lina magurudumu ya spoki, na huwezi kuunda kitu cha spoki Tanga, mji ambao hata bibi harusi amewahi kupakiwa kwenye baiskeli, ukategemea kuachwa kwa amani. Alivaa miwani, akaliinua gurudumu la mbele la modeli kwa ncha za vidole vyenye grisi, akalizungusha mbele ya jicho moja.

"Jenerali, hili linacheza."

"Mzee wangu, hiyo ni plastiki."

"Plastiki, chuma, mimi sijui. Rimu ikipinda imepinda."

Nikaitazama kwa lenzi. Imepinda. Nikaichovya kwenye maji ya moto, nikaibana kati ya vigae viwili usiku kucha. Asubuhi alikuja kulikagua kabla hajafungua kibanda chake.

Vitu vingine nilivitafuta hapa hapa. Kamba ya kuvutia gari iliyokuja sandukuni ilikuwa ya plastiki, imekakamaa, haina mkunjo. Nikaitupa. Mkonge umeingia nchi hii Pangani mwaka 1893, nimekulia kwenye harufu yake, halafu niwe na kamba ya plastiki? Nilichomoa nyuzi tatu kwenye kipande cha kamba ya zamani, nikazipitisha kwenye nta ya mshumaa zisitoe manyoya, nikazisokota kwenye paja mpaka zikawa kamba nyembamba iliyolala vizuri juu ya kisanduku cha mbao cha nyuma, na ncha zake zimefungwa fundo la kweli. Kutu nayo ilikuwa ya kweli. Nilikwangua mnyororo uliokufa kibandani kwa fundi, nikaisaga kwa mgongo wa kijiko. Tope ni udongo wa uani kwetu, nimeupepeta kwa chujio la chai na kuuchanganya na gundi nyeupe ya mbao. Chujio nililirudisha mahali pake. Yaliyosemwa kuhusu chujio hilo tuyaache.

Tabu ya tope la namna hii ni kwamba likikauka linapauka. Tope la juu lipauke, sawa, jua limelichoma. Lakini la chini, kwenye magurudumu, linatakiwa ling'ae, lionekane gari limetoka kukwama sasa hivi. Kwa hiyo hupakwa vanishi. Yangu ilikuwa imegandia koponi kwa joto la Januari, na kwa muda nilikuwa nikitumia rangi ya kucha ya mke wangu, ile isiyo na rangi, tone hapa, tone pale, bila kumsumbua kwa kumwomba.

Jumamosi yenyewe mwalimu mmoja wa historia alikuwa anakuja baada ya alasiri kuliona gari, akilipenda aliazime akawaonyeshe wanafunzi wake. Adhana ilinikuta bado sijamaliza upande mmoja. Nikamwambia mpwa wangu, kijana wa sekondari mwenye mikono mizuri kuliko mimi, "Lile tope la chini lipake king'ae. Kichupa kiko kabatini." Maneno yangu ndiyo hayo, wala hayana utata. Kichupa. Kabatini. Kwamba mke wangu alikuwa amegundua mahali rangi yake inapoishia na akaihamishia kwenye mkoba, hilo sikuambiwa. Na kwamba kabatini palibaki kichupa kimoja tu, cha asali ya Handeni, hilo nalo mpwa hakuona sababu ya kuniuliza.

Niliporudi, gari liko barazani juu ya kibao, na linang'aa ajabu. Tope limelowa, lina kina, mwanga wa jioni unaingia ndani yake na kurudi una rangi ya kahawia. Vanishi haijawahi kunipa kitu kama kile. Nikamsifu kijana mbele za watu. Kulikuwa na harufu tamu kwa mbali, nikajua jirani anapika visheti.

Baraza ilikuwa imejaa. Wacheza bao, muuza kahawa na dele lake, fundi baiskeli, na Babu yetu mmoja ambaye hana mpinzani wa umri mtaani. Mwalimu akaja, akaamkia, akainama kulitazama gari mikono ikiwa mgongoni, kiungwana kabisa. Akataja unene wa bamba, milimita 12. Nikamwambia kwa kipimo changu hiyo ni theluthi ya milimita, akatikisa kichwa kwa heshima. Nadra sana kumpata mtu wa kuzungumza naye mambo hayo.

Ndipo nyuki mmoja akatua kwenye bawa la gurudumu la mbele.

"Ehee," Babu akasema. "Muingereza karudi, na wao wamerudi."

Kwa wasio watu wa Tanga: Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa kiasi cha askari 8,000, wengi wao kutoka India, kuja kuuchukua mji kwa Wajerumani. Jemadari Aitken aliona ni kazi nyepesi. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, askari wa Kiafrika wengi wao, na akawarudisha wageni melini. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilivurugwa na risasi, nyuki wakatoka wakali, ndiyo maana mpaka leo Waingereza wenyewe wanaviita Vita vya Nyuki. Babu anashikilia kwamba Wajerumani waliwafundisha, na kwamba palikuwa na waya zilizofungwa kwenye mizinga. Mwalimu akasema hapana, mzee wangu, nyuki waliuma pande zote mbili, hawakuwa na upande. Babu akauliza kama mwalimu alikuwapo. Mwalimu akauliza, kwa adabu, kama Babu alikuwapo. Muuza kahawa akasema babu yake yeye alikuwapo. Ubishi ukanoga, na watu wa Tanga ubishi ukinoga hatutazami pembeni.

Mimi peke yangu nilikuwa natazama gari. Nyuki sasa walikuwa wengi. Chini ya dari la nyumba ya pili kuna kundi limehamia tangu mwaka juzi, na naona habari ilishafika. Mmoja alipanda ubavuni, akipita juu ya ribiti moja moja, miguu ikiteleza kwenye rangi ya kijivu, akafika kwenye tundu la bunduki, akaingia. Kimya. Kisha tareti ikaanza kunguruma. Dereva wangu, sanamu wa urefu wa sentimita 5 niliyempaka mpaka nyusi, alikuwa amesimama kando ya mlango, na mbele yake nyuki mwingine anafyonza tope. Nikapiga hesabu, siwezi kujizuia: nyuki wa sentimita moja na kidogo, mara 35, ni mdudu wa ukubwa wa bata. Dereva wa watu hakutetereka.

Wangeachwa wangekula wakaondoka zao. Nyuki aliyekuja kula hana muda na mtu. Lakini fundi baiskeli aliona gurudumu lake, lile alilolikagua yeye, limefunikwa, akaingiwa na uchungu. Akavua kofia, akapiga.

Aliyepondwa nyuki ni mmoja tu. Mwalimu alitueleza baadaye, jicho moja likiwa limefumba, kwamba nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu ya kuita wenzake, na kwamba harufu hiyo inakaribia ya ndizi mbivu. Mimi nilinusa udi na jasho tu. Ubao wa bao ulipinduka, kete zikamwagika mtaroni. Muuza kahawa aliacha dele, akaacha vikombe, akaacha na wadeni wake. Mwalimu alidandia baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani kibandani, akapiga pedali kwa nguvu zote, na haikusogea, kwa sababu ilikuwa imeletwa kutengenezwa na haina mnyororo. Babu, ambaye huwa tunamshika mkono kupanda ngazi ya msikiti, aliivuka baraza yetu kwa hatua moja, akapita sebuleni, na alipopatikana alikuwa jikoni, mlango kaufunga kwa komeo. Mimi nilichomwa sikio, mdomo wa juu, na mahali pengine ninapokalia.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu. Alitoka ndani amejitanda kanga mbili, macho tu yanaonekana, mkononi ana chetezo kinafuka ubani na udi. Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayefukiza chumba cha mgeni, akakiweka chetezo juu ya kibao, ubavuni mwa gari, akasema, "Haya, nendeni kwenu." Moshi ukatanda, nyuki wakalegea, wakaanza kuondoka kidogo kidogo. Huko ndani mpwa wangu alikuwa akimweleza mama yake, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, asali ilikopakwa.

Nikapaza sauti, "Shangazi, sogeza chetezo!" Ila kwa mdomo ule wa juu uliovimba nilitoa mlio tu, naye akadhani namshukuru. Akakisogeza karibu zaidi.

Plastiki ya modeli haipendi makaa. Mtutu wa Vickers uliinama polepole mpaka ukatazama chini. Bawa la mbele likalegea, mlango wa dereva ukajikunja kwa nje, na lile gurudumu lililolala kati ya vigae usiku kucha likarudi kwenye upinde wake wa asili, na zaidi. Kamba ya mkonge haikudhurika.

Tulipokaribia gari, jambo lililonishangaza ni tope. Nyuki walikuwa wamefyonza asali yote, tone halikubaki, na vinyweleo vya miguu yao vilikuwa vimeukwangua udongo ukabaki mkavu, umepasuka nyufa nyembamba, na alama ndogo ndogo ambazo brashi haiwezi kuzitoa. Ukichanganya na bamba zilizopinda kwa moto, lilikuwa gari lililolipuliwa na kuachwa porini mwaka mzima. Nimeunda modeli kwa miaka mingi na sijawahi kufikia pale.

"Nalichukua hivi hivi," mwalimu akasema, akiwa na jicho lake moja. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1914 magari haya Tanga hayakuwapo. Akasema wanafunzi wake hawatauliza hilo, watauliza jicho. Babu aliyekuwa bado jikoni akapaza sauti kupitia dirishani: je, nani sasa anasema hawakufundishwa?

Mke wangu aliandika hesabu kwenye karatasi: asali kichupa kimoja, rangi ya kucha, chujio la chai. Fundi akaongeza mnyororo wa baiskeli, nisijue kwa nini, maana nilichukua kutu tu. Muuza kahawa alikuja kufuata dele baada ya isha, akawakuta wadeni wote wamesahau walikunywa vikombe vingapi.

Shemeji kapiga simu juzi. Anasema sanduku lijalo ni kifaru cha Kirusi, T-34, cha majira ya baridi, kinatakiwa kiwe kimefunikwa theluji. Nilikuwa bado naongea naye nikamsikia mpwa wangu jikoni anamuuliza mke wangu sukari inakaa kabati lipi.