Programu nyepesi za kusomea PDF siyo za wenye kompyuta mbovu tu

Mshauri mtu asomee PDF zake kwenye SumatraPDF au MuPDF uone atakavyokujibu. Atakwambia kompyuta yake haina shida, RAM ipo ya kutosha, diski ni SSD, hizo programu ndogondogo awaachie wenye mashine za zamani. Na jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba hata wanaozitetea programu nyepesi wameshalimeza, utawasikia wanasema inafaa sana kama laptopu yako imechoka. Yaani wepesi umegeuzwa kuwa kitu cha huruma, cha kuvumilia mpaka upate mashine ya maana, wakati mtu mwenye kompyuta ya nguvu kuliko zote ana sababu zilezile za kuutaka, na pengine sababu kubwa zaidi maana ndiye mwenye vya kuibiwa.

Hebu tuanzie kwenye kazi yenyewe. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 kwa lengo moja, ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye printa yoyote. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, kwa hiyo yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma bila kumpigia mtu magoti. Sasa kusoma kunahitaji nini? Kuonyesha ukurasa, kukuza, kutafuta neno, kuruka kwenda sura fulani, kuprinti, na ikikumbuka ulipoishia jana umeshinda. Basi. Lakini fungua zile programu kubwa leo, unakaribishwa na ombi la kulogini, hifadhi ya mtandaoni, vitufe vya kubadilisha faili kuwa Word ambavyo ukivibofya unaambiwa ulipie kwanza, sehemu ya kuwatumia watu waweke saini, na tangu 2024 Acrobat ya Adobe imeongezewa na msaidizi wa AI wa kukufupishia ulichokuja kukisoma mwenyewe. Pakiti ya kuinstoli inafika mamia ya megabaiti. Ya Sumatra haifiki megabaiti 20, na kuna toleo lake ambalo halihitaji kuinstoliwa kabisa, ni faili moja tu unaliweka kwenye flashi na kutembea nalo. Kuwasha lori kwenda kununua kiberiti dukani, ndivyo ilivyo, na mafuta ya lori unalipia wewe.

Halafu kuna watu ambao kwao hii siyo mambo ya mara mojamoja. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, wakili mwenye jalada la viambatisho mia, fundi wa elektroniki anayetafuta namba moja tu kwenye mwongozo wa kurasa elfu na kitu, hao wanafungua na kufunga mafaili siku nzima, na kila kufungua kukisubirisha hata sekunde chache fikra inakatika, unasahau ulikuwa unalinganisha nini na nini. Wanaoandika kwa LaTeX (mfumo ambao unaandika andiko kama msimbo halafu unalitengeneza kuwa PDF) kwenye Windows ndio wanalijua hili vizuri zaidi, maana Acrobat ikishalifungua faili inalishikilia, ukirekebisha andiko na kutaka kulitengeneza upya unagomewa mpaka kwanza ulifunge. Sumatra hailishikilii, inaona faili limebadilika inalipakia upya yenyewe papo hapo, na ukibofya mara mbili kwenye sentensi inakurudisha kwenye mstari wake kwenye faili la chanzo. Hapo RAM inaingiaje? Haingii.

Lakini hoja ambayo mimi naona haipewi uzito wake ni ya usalama, na hapa naomba nikae kidogo.

PDF siyo picha ya ukurasa tu, miaka ya tisini Adobe waliiwekea uwezo wa kubeba JavaScript, yaani faili unalotumiwa na mtu usiyemjua linaweza kuja na programu ndogo ndani yake. Mwaka 2008 Adobe Reader 9, programu yao ya kusomea PDF, ikaja na Flash, teknolojia yao ya video na michezo, ndani kwa ndani ili PDF iweze kucheza video na michezo (nani aliyeomba hiyo?). Matokeo yalikuja haraka. Mwaka 2009 kulikuwa na matundu ya usalama mfululizo, moja maarufu la mwezi wa 2 lilikuwa kwenye sehemu inayosoma picha za JBIG2 (aina ya picha zilizobanwa), na mambo yalifika mahali Mikko Hyppönen wa kampuni ya usalama ya F-Secure akasimama kwenye mkutano wa usalama wa RSA mwaka huohuo akawashauri watu waachane na Adobe Reader watafute programu nyingine. Adobe nao hawakukaa kimya, mwishoni mwa 2010 wakatoa Reader X yenye sandboksi, ile karantini ambayo faili linafunguliwa ndani yake ili hata likiwa na sumu lisiguse mfumo mzima. Hiyo ilikuwa kazi nzito na nzuri, tusiwanyime haki yao, na miradi midogo ya kujitolea mingi haina ulinzi wa namna hiyo mpaka leo.

Na watetezi wa programu kubwa wana kadi nyingine kali. Mwaka 2021 iligundulika simu za iPhone zilikuwa zinadukuliwa kwa ujumbe wa iMessage uliobeba faili lililojifanya picha ya GIF kumbe ni PDF, shambulio lililopewa jina FORCEDENTRY, silaha ya NSO, kampuni ya Israeli inayouza programu za kijasusi. Mwenye simu hakubofya chochote. Tundu lilikuwa wapi? Kwenye JBIG2 tena! Na msimbo wake Apple walikuwa wameuchukua kutoka Xpdf, programu ndogo ya zamani, huria, nyepesi haswa. Kwa hiyo wanasema, mmeona, wepesi haukuokoi.

Ni kweli kwa kiasi. JBIG2 ni njia ya kubana picha za kurasa zilizoskaniwa, nyeusi na nyeupe, na programu yoyote inayotaka kuonyesha PDF za namna hiyo lazima iielewe, iwe nzito iwe nyepesi. Sumatra inatumia injini ya MuPDF ambayo imeandikwa kwa lugha ya C na nayo imeshakutwa na matundu yake. Anayekuambia programu ndogo haidukuliki anakudanganya.

Ila tazama hao wadukuzi walilazimika kufanya nini. Timu ya watafiti wa usalama ya Google, Project Zero, ilipolichambua lile shambulio ilieleza kwamba kwa kuwa JBIG2 haina uwezo wowote wa kuendesha skripti, washambuliaji walijenga kompyuta ndogo ya kufikirika kwa kutumia zaidi ya amri 70,000 za kuchanganya vidoti vya picha, halafu ndani ya hiyo kompyuta ndiyo wakaendeshea shambulio lao. Amri 70,000! Fikiria gharama ya kazi hiyo, na fikiria ni watu wangapi duniani wanaoiweza. Waliifanya kwa sababu mahali pale hapakuwa na lugha ya skripti ya kuwasaidia. Sasa programu inayokubali JavaScript kwenye PDF inampa mshambuliaji lugha nzima ya programu, imekaa tayari, bure, hahitaji kujenga kompyuta ya vidoti. Sumatra haiendeshi hiyo JavaScript. MuPDF unaweza kuitengeneza bila hiyo sehemu kabisa. Kwangu mimi hii ndiyo maana kamili ya wepesi, orodha ya mambo ambayo programu inakataa kuyafanya, na megabaiti kupungua ni matokeo yake tu. Tundu la kwenye kusoma picha litabaki kwa wote, lakini juu yake programu nzito imepanga JavaScript, video, vitu vya 3D, kuunganika mtandaoni, na kila kimoja ni mlango. Flash yenyewe ilikuja kuzikwa mwisho wa 2020, baada ya kuwa mlango kwa zaidi ya miaka kumi, na sijawahi kumsikia msomaji wa PDF akiililia.

Haya, upande wa pili una mambo yake ya maana, na mengine siyo ya kubishana.

Fomu ndizo zinazoleta ugomvi zaidi. Umepakua fomu ya ofisi fulani, umeifungua kwenye programu yako nyepesi, badala ya fomu unakuta ukurasa mmoja unakuambia kwa Kiingereza usubiri, na chini yake ushauri wa kwenda kuchukua Adobe Reader mpya. Unaweza kusubiri mpaka kesho. Hiyo ni fomu ya XFA, teknolojia iliyojengewa ndani ya PDF bila kuwa PDF hasa, na PDF 2.0 ya mwaka 2017 ikaitangaza kuwa ya kuachwa. Firefox walijitahidi wakaanza kuionyesha mwaka 2021, wengi wengine hawakuhangaika. Lawama inaangukia programu nyepesi kwamba mbovu, wakati aliyekosea ni ofisi iliyochagua aina ya fomu inayofunguka kwenye programu chache tu. Lakini wewe mwenye siku ya mwisho ya kutuma maombi hiyo ni hotuba tu, unahitaji fomu ifunguke, na programu kubwa itaifungua.

Saini za kidijitali pia. Sumatra haikuambii kama saini iliyo kwenye mkataba ni halali au imechezewa, programu kubwa zinakuonyesha alama na jina la aliyesaini. Hapo zimeshinda, ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, mwaka 2019 walizijaribu programu 22 za kompyuta na 21 kati yake zikakubali saini za hati zilizobadilishwa baada ya kusainiwa. Matundu hayo yalizibwa baada ya kuripotiwa, lakini ile alama inayosema saini ni halali isikulevye. Watu wa uchapaji wanaohitaji kuona rangi zitakavyotoka kwenye mashine nao hawana la kuchagua, ila hao ni wachache na wanajijua.

Hoja nzito kuliko zote ya upande ule wala haisemwi sana, nayo ni ya wasioona. Programu nyepesi nyingi zinachora ukurasa kama picha na kuishia hapo. Programu ya kusoma skrini kwa sauti kama NVDA au JAWS inahitaji kujua kipi ni kichwa cha habari, kipi ni jedwali, kipi kinasomwa kabla ya kipi, na PDF iliyotengenezwa vizuri inabeba hizo alama ndani yake, kuna mpaka kiwango chake maalumu cha mwaka 2012 kinaitwa PDF/UA. Acrobat inazifikisha alama hizo kwa msomaji. Nyingi ya hizi nyepesi hazizifikishi. Kwa mtu asiyeona, kile tunachokiita unene ndicho kinachomwezesha kusoma, na ukimwambia ahamie kwenye programu ndogo umemfungia kitabu. Wanaoshabikia wepesi, nikiwemo mimi, hapa hatuna jibu la kuridhisha.

Watu wengine nao wanatumia kisomaji cha kawaida kisicho na mbwembwe bila hata kujua. Chrome ina cha kwake tangu 2010, Firefox tangu 2013, na PDF nyingi wanazofungua watu zinaishia humohumo kwenye brauza. Kwa risiti au tiketi inatosha sana. Kwa kitabu cha kurasa mia sita kikiwa kimechanganyika na tabu arobaini nyingine, aah, kila mtu ana uvumilivu wake.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kwamba programu nyepesi hazibaki nyepesi. Foxit ilianza ikisifiwa kuwa mbadala mdogo wa Adobe, leo ina orodha ya huduma ndefu inayokaribia kulingana na ya Adobe yenyewe iliyokuja kuikimbia. Sumatra yenyewe iliongeza tabu za kufungulia mafaili mengi kwenye dirisha moja mwaka 2014, ikaongeza uwezo wa kuandika maoni juu ya ukurasa mwaka 2021, na kila nyongeza iliombwa na watumiaji haohao waliokuja kwa sababu ya udogo wake. Mpaka sasa imejizuia vizuri. Kwa hiyo ukichagua usiangalie ukubwa wa faili la kupakua peke yake, angalia kama inaendesha skripti, kama inaacha kitu kinachofanya kazi chinichini ukishaifunga, kama inakudai akaunti ili usome tu.

Na kama una zile fomu au mikataba, hakuna aliyekukataza kuwa nazo zote mbili. Nyepesi iwe difolti, nzito iwepo, uiite kwa kubofya faili kitufe cha kulia pale unapoihitaji. Ila kabla hujaiacha ikae, ingia kwenye mipangilio ya Acrobat, tafuta sehemu ya JavaScript, ondoa ile tiki. Na ukiona baada ya apdeti fulani PDF zako zimeanza kufunguka kwenye ile kubwa tena, rudisha difolti yako.