Mnada wa Bei ya Pili Mwaloni

Shangazi yangu ameuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tangu kabla sijazaliwa. Jumamosi moja alilazimika kwenda msibani Magu, akaniachia magunia matatu ya dagaa wakavu pamoja na agizo moja fupi: "Usishuke chini ya laki nne na nusu kwa yote matatu." Mtoto wa darasa la nne angelitekeleza agizo hilo bila shida. Kwa bahati mbaya, aliyeachiwa magunia alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uchumi ambaye Alhamisi ya wiki hiyohiyo alikuwa amefundishwa mnada wa Vickrey.

Mwanauchumi William Vickrey aliandika kuhusu mnada huo mwaka 1961, na mwaka 1996 akatunukiwa Tuzo ya Nobel, kisha akafariki siku tatu tu baada ya kutangazwa. Alizaliwa katika mji wa Victoria, Kanada, jambo ambalo mimi, nikiwa kando ya Ziwa Victoria na magunia matatu, nililichukulia kuwa ishara. Katika mnada wake kila mnunuzi huandika bei yake kwa siri. Aliyeandika bei kubwa kuliko wote hushinda, lakini hulipa ile bei ya pili kwa ukubwa. Uzuri wake ni kwamba bei uliyoandika huamua tu kama utashinda, wala haiamui utakacholipa, kwa hiyo hakuna faida ya kudanganya: ukizidisha, unaweza kulipa zaidi ya thamani unayoiona wewe mwenyewe, na ukipunguza, unaweza kukosa mzigo ambao ungeupata kwa bei ya kukuridhisha. Kusema kweli ndiyo mbinu bora, wenzako wafanye watakavyo. Niliuthibitisha ubaoni mbele ya darasa zima na nikapigiwa makofi.

Niliwakusanya wanunuzi watano, nikawagawia vipande vya karatasi nilivyochana kwenye daftari langu, nikawahutubia kwa muda wa dakika ishirini hivi huku jua likipanda na makuli wakinipigia kelele niwapishe njia. Agizo la shangazi nililiweka kando kwa makusudi, kwa kuwa niliona kutaja bei ya chini mbele ya watu watakaosema kweli ni kuwavunjia heshima.

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Kwa hiyo, profesa, mimi nikiandika laki sita, na anayenifuata akaandika elfu mbili, nitalipa elfu mbili?"

"Ndivyo, mzee wangu."

"Hata kama karatasi yangu inasema laki sita?"

"Hata hivyo."

Aliwatazama wenzake, nao wakamtazama. Kisha wakaomba ruhusa ya kwenda kunywa chai kwa mama lishe, ili wakaitafakari elimu hiyo. Niliwaruhusu, tena nilifurahi kuona nadharia inapewa uzito unaostahili.

Walirudi wakiwa wachangamfu mno. Nilizifungua karatasi mbele ya kadamnasi: laki sita, elfu mbili, elfu mbili, elfu moja na mia tano, na ya mwisho ilikuwa na mchoro wa samaki. Mzee mwenye kofia akanikabidhi noti moja, akanishukuru, na magunia yakapakiwa kwenye mkokoteni. Nilibaki nikitazamana na simba aliyechorwa kwenye noti ile. Sikuweza kuukana mnada, kwa sababu nilikuwa nimetumia dakika nne nzima kuwaeleza kwamba sheria zikishatangazwa hazibadilishwi.

Jioni shangazi akapiga simu.

"Umeuza?"

"Nimeuza, shangazi."

"Ngapi?"

"Mbili..."

"Laki mbili? Wewe mtoto una akili kweli?"

Sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha. Nilimwacha akasirikie laki mbili usiku kucha, nikijua kwamba hasira halisi itafika asubuhi kwa basi la kwanza.

Ilifika. Hakunisemesha, alikaza kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa wale watano, ambao walikuwa wamekwisha kunadisha mzigo upya baina yao na kugawana faida, akawaambia kwamba kuanzia siku ile hawatapata hata kisado kimoja kutoka kwake, iwe giza iwe mbalamwezi. Ilimchukua muda mfupi kuliko hotuba yangu. Walimletea laki nne na elfu thelathini, elfu ishirini wakaikata wakisema ni ada ya shule.

Jumatatu nilimsimulia mhadhiri, akacheka mpaka akavua miwani. Alisema kwamba somo la bei ya chini ya muuzaji, ambalo mwanauchumi Roger Myerson aliliandikia mwaka 1981, lilikuwa la wiki iliyokuwa inaanza, na kwamba nisijione wa kwanza, kwa kuwa mwaka 1990 serikali ya Nyuzilandi iliuza masafa ya utangazaji kwa mnada huohuo bila kuweka bei ya chini, na kampuni moja iliyoandika dola 100,000 ikaishia kulipa dola 6.

Nilikimbia kumpelekea shangazi habari hiyo, nikidhani itamtuliza. Aliendelea kupepeta dagaa wake bila kuinua uso.

"Na hao wa serikali," akauliza, "shangazi yao alikuwa wapi?"