Jumanne ya Pili ya Agosti

Mama alinipigia saa tano kasorobo usiku, Jumatatu tarehe 8 Agosti 2022. Kwao Kisauni, Mombasa, ilikuwa Jumanne tayari, saa moja kasorobo asubuhi, naye yuko foleni tangu saa kumi alfajiri. Nyuma yake nasikia watu wakizozana: kuna mtu aliweka jiwe usiku kushika nafasi, akaenda zake kulala, na sasa jiwe limesogezwa. "Na gavana leo hatumchagui," akaniambia. Karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuja na picha zisizo zenyewe, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura hiyo siku moja kabla. "Nanyi huko mwapiga lini?"

"Kesho asubuhi, Mama."

"Kesho gani? Si ndiyo hii?"

Ndiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Sheria ya Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, nayo imeweka mchujo wa vyama Jumanne hiyohiyo, kila mwaka unaogawika kwa mbili. Sidhani kuna aliyemwiga mwenzake. Ila mwaka ule ziliangukia siku moja, na mimi mtoto wa Kisauni niliyekula kiapo cha uraia wa Marekani nikawa na chaguzi mbili moyoni na kura katika mmoja tu. Kenya ningeweza kumpigia rais peke yake, tena kwa kupanda ndege: vituo vya Wakenya walioko Marekani mwaka huo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Kwa nauli hiyo nyumbani wanakula miezi miwili. Nikabaki.

Kituo changu ni chumba cha chini ya kanisa, kusini mwa Minneapolis, dakika saba kwa miguu. Nilifika saa moja na robo asubuhi, robo saa tu baada ya milango kufunguliwa. Kwetu ilikuwa saa tisa na robo alasiri, Mama keshapiga na keshalala. Nilivaa viatu vya kusimama muda mrefu, nikabeba maji. Wapiga kura tulikuwa wanne. Wasimamizi walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa akifuma sweta.

Nikatoa leseni ya udereva. Mama wa mezani akanirudishia bila hata kuitazama. Jina? Nikataja. Anwani? Nikataja. Tia sahihi hapa. Basi. Hakuna alama za vidole, hakuna kidole kuchovywa wino, hakuna askari mwenye bunduki mlangoni. Mtu aliyezoea kuona mashine ya tume ikigoma kutambua kidole cha bibi aliyekuna nazi miaka arobaini, anahisi kama ameingia nyumba isiyo na kitasa. Tena si usahaulifu. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo hili waliulizwa kama katiba yao imtake kila mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha, wakakataa.

Lililonitoa jasho lilikuja baadaye. Nilikuwa na mwenzangu wa nyumba, kijana wa Eastleigh ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko cha watu wengi wa Nairobi. Alikuwa amehamia kwangu wiki iliyotangulia, hajajiandikisha, na hana hata bili ya umeme yenye jina lake. Minnesota unaweza kujiandikisha siku ileile ya kura, jambo lililoanza miaka ya sabini, na kama huna karatasi ya kuthibitisha unapoishi, jirani aliyejiandikisha katika kituo hicho anaweza kukuapia. Jirani mmoja anaruhusiwa kuwaapia watu wanane. Nikaandika, nikaapa kwamba namjua na analala chini ya paa langu, na kalamu ikanitetemeka kwa sababu kusema uwongo hapo ni jinai. Kijana akapewa karatasi yake. Nyumbani tungeliita jambo hili kwa jina lake, kusomba wapiga kura, na ningelishuku hata mimi niliyelifanya. Huku nililiona linafanya kazi kwa sababu ya kitu kimoja tu: watu wanaogopa karatasi waliyotia sahihi kuliko wanavyomwogopa askari. Sijui hofu hiyo hupandikizwa vipi. Ningeijua ningeituma kwa Western Union.

Karatasi ya mchujo ina safu mbili kuu, DFL upande mmoja na Republican upande wa pili. DFL ndio Democrats wa huku, jina refu likiwa Democratic-Farmer-Labor, tangu Democrats walipoungana na chama cha wakulima na vibarua mwaka 1944. Hakuna daftari la wanachama. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa chama gani. Unachagua safu moja ndani ya kibanda, wewe na Mungu wako, na ukiweka alama pande zote mbili, kura hizo za vyama zinaharibika. Watu wa nyumbani nikiwaeleza hili huniuliza swali moja: sasa wapinzani hawaji kuwachagulia mgombea dhaifu? Wanaweza. Kelele za kuwa wamefanya hivyo husikika kila msimu.

Sasa, eneo bunge letu la Tano, yaani Minneapolis na vitongoji vyake kadhaa, limekuwa mikononi mwa DFL tangu 1963. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo hapo. Ni kama kuwania ubunge Homa Bay, ngome ya ODM, bila tiketi ya chama hicho: unaweza, lakini nguo za kampeni utazigeuza pazia. Wamarekani hupenda kutuambia kwamba sisi tunapiga kura kwa kabila. Wao wana ramani ambayo ukitaja barabara tu nakutajia chama. Uchaguzi wa eneo letu la Tano huisha Agosti, na Novemba ni sherehe ya kukabidhi.

Agosti ile waliokuwa wakiumana hasa ni wawili, wote wamezaliwa ng'ambo. Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu aliyeishi miaka minne kambini Kenya kabla ya kuja huku, na Don Samuels, mzaliwa wa Jamaica, diwani wa zamani wa jiji. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa polisi, kidonda kilichokuwa bado kibichi tangu George Floyd auawe na polisi mtaani Mei 2020. Omar alishinda kwa tofauti isiyofika kura 2,500. Novemba, dhidi ya Republican, akapata asilimia 74 hivi. Eneo bunge moja huku lina watu kama 713,000. Waliopiga kura katika mchujo huo wa DFL hawakuzidi 120,000. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye bango la mgombea lilisimama kwenye majani yake tangu Juni, siku yenyewe alikuwa ziwani kaskazini anavua samaki. Nilipomuuliza Jumamosi, akashika kichwa: "Ilikuwa Jumanne hii?"

Hapo ndipo ninapokosana na Wakenya wenzangu wa huku wanaosifu kila kitu cha Marekani kana kwamba wamelipwa. Utaratibu wao ni mzuri kuliko wetu, na njaa yetu ni kubwa kuliko yao. Mwanamke wa miaka sabini na moja anasimama tangu saa kumi alfajiri, na mwalimu mstaafu mwenye gari mbili anasahau siku. Mchujo kwetu watu hutoana meno kwa sababu wanajua ndio uchaguzi wenyewe. Huku pia ndio uchaguzi wenyewe, lakini habari hiyo wamebaki nayo wachache, nao hawana haraka ya kuitangaza.

Kuhusu pesa nilichelewa kuelewa. Februari 2024 nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa wa DFL, ule unaofungua msimu wote. Darasa la shule ya msingi, viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu, nje baridi ya kukata masikio. Tulikuwa saba. Bibi mmoja alileta azimio kuhusu dawa za kuua wadudu zinazodhuru nyuki, tukalijadili dakika ishirini na hakuna aliyetukaniwa mama. Kisha ikapitishwa bahasha. Nami kwa mazoea ya nyumbani nikadhani humo ndani mna chetu. Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Ilikuwa tupu. Ilikuwa inatuomba sisi.

Nilicheka peke yangu njia nzima. Kwetu mgombea akija bila kitu anaulizwa: mheshimiwa, watuachia nini? Anatoa ya soda, anatoa leso, anatoa unga, na akishashinda anazirudisha alizotoa, nasi tunajua anazirudisha kutoka wapi. Huku mgombea wa Congress, bunge la Marekani, analipa dola 300 kuandikisha jina lake, kisha anakuandikia ujumbe wa simu mara tatu kwa siku akililia dola tano. Mtu aliyetoa tano anajiona ana hisa. Nimeona watu wakisimama mkutanoni wakimwambia mbunge, mimi nilikuchangia, nijibu. Sisi aliyetupa mia mbili tunamwambia nini?

Usije ukadhani nimelewa. Wenye kutoa tano wapo, na wenye kutoa mamilioni kwa kupitia kamati zenye majina matamu wapo pia, nao hawaji kukaa kwenye viti vya watoto. Najua bahasha ya nani hufunguliwa kwanza.

Jioni ile nilitoka mjumbe. Si kwa umaarufu: nafasi za wajumbe zilikuwa nyingi kuliko watu waliokuja, mwenyekiti akauliza nani anataka, nikanyoosha mkono. Kwetu nafasi kama hiyo ina wazee wake, na mke wangu, ambaye ni wa Tanga, anasema kwao kura za maoni za CCM unaweza kuziongoza na jina likaja kukatwa juu. Huku wajumbe wakifika asilimia 60 wanampa mtu baraka za chama, lakini aliyekosa baraka bado anaweza kwenda kwenye mchujo akamshinda aliyebarikiwa. Cheti hakimzuii mtu. Hilo ningelipeleka nyumbani leo.

Vurugu? Zipo. Mei 2023 mkutano wa DFL wa Kata ya 10 hapa Minneapolis ulivunjika watu walipovamia jukwaa. Julai 2025 mkutano wa jiji ulimpa baraka za umeya Omar Fateh, na mwezi uliofuata chama cha jimbo kikazifuta kwa kasoro katika kuhesabu kura za kielektroniki. Nilituma habari hiyo kwenye kundi la familia. Mjomba, ambaye anakumbuka vizuri Aprili 2017, karatasi za mchujo wa Jubilee zilipokosekana na chama kikafuta zoezi siku ileile, akajibu kwa neno moja: "Karibuni."

Na kuna jambo tunalowashinda, nalo halisemwi. Usiku ule wa 2022 matokeo ya Minnesota niliyapata kwenye kochi: shirika la habari la AP linasema fulani kashinda, na watu wanalala. Hakuna Bomas, ule ukumbi wetu wa kujumlishia kura, hakuna mwenyekiti wa tume. Kenya tulisubiri mpaka Jumatatu ya tarehe 15, makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, dunia ikatushangaa. Lakini siku zote hizo fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa kwenye tovuti ya tume, kwa mwandiko wa watu na sahihi zao. Niliitafuta ya shule aliyopigia Mama nikaipata usiku wa pili: wino wa buluu, tarakimu moja imekatwa na kuandikwa upya, mawakala wametia sahihi pembeni. Nilijumlisha mwenyewe kwenye simu. Huku napewa jedwali safi la kila kituo, na mwalimu wangu mstaafu hajawahi kulifungua.

Tarehe 29 Agosti Mama alirudi foleni kumchagua gavana. Alipiga simu akiwa keshamaliza, saa mbili na nusu asubuhi, akasema safari hii watu wachache, hata mawe hayakuwekwa.

"Na wewe, mwanangu, umeshamaliza ya kwenu?"

"Bado, Mama. Novemba tena. Ile ilikuwa mchujo tu."

"Basi mbona ulinitumia picha una karatasi nyekundu kifuani, umefurahi kama bwana harusi?"

Nikamwambia chaguzi zetu zitaangukia siku moja tena Agosti 2032, kama hakuna atakayegusa sheria, na kwamba yeye atakuwa na miaka themanini na moja. Akaniambia niache kuhesabu miaka ya watu, nimtumie za maji, mfereji umekauka tangu Ijumaa.