Apdeti ya usalama na batani mpya zisikae kapu moja

Nina apu ya kuandikia noti ambayo naitumia kila siku, na juzi nimeamka nakuta imejiapdeti yenyewe usiku. Batani ya kutafuta imehama kutoka juu kwenda chini, rangi zimebadilika, halafu nikifungua noti ndefu apu inaganda mpaka niiue niifungue tena. Nikaenda kusoma maelezo ya toleo jipya nijue wamefanya nini, nikakutana na sentensi ileile ambayo naona huwa wanaikopi tu kila mara, eti "tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji". Hitilafu ipi sasa? Maana ile niliyoripoti mimi miezi minane iliyopita, ya kwamba noti nikiiandika usiku inapewa tarehe ya kesho, bado ipo palepale haijaguswa.

Sasa mtu akisikia hivi anadhani mi ni wale wa kusema zamani programu zilikuwa nzuri, hapana. Bagi, yaani hitilafu za programu, zitakuwepo tu. Kuna programu moja inaitwa TeX, ya kupangia maandishi ya vitabu, mwenyewe Donald Knuth kaamua haiongezewi kitu kipya, ni kurekebisha makosa basi, na namba ya toleo inazidi kusogelea pai, ile ya hesabu za duara, imefika 3.141592653, na ukimwonyesha kosa kwenye TeX zawadi yake ni dola 327.68. Raha sana. Lakini huwezi kufanya hivyo kwa brauza, maana brauza inafungua kila takataka iliyopo intaneti na wadukuzi hawalali. Chrome na Firefox wanatoa toleo jipya kila baada ya wiki chache na watu wengi hata hawajui. Na kusema ukweli kutoa vitu vidogovidogo mara kwa mara kuna faida yake, kikiharibika kitu unajua umegusa nini wiki hii, kuliko kumwaga mabadiliko ya mwaka mzima siku moja halafu timu nzima inaanza kuulizana nani kavunja.

Kwa hiyo ugomvi wangu sio kasi. Ugomvi wangu ni kwamba wanatufungia vitu viwili kwenye kapu moja, kiraka cha usalama, yaani kipande cha programu cha kuziba tundu la wadukuzi, ambacho nakihitaji leo, na muonekano mpya ambao hakuna mtu aliuomba. Ukitaka kimoja unabeba vyote. Na matokeo yake watu wanajifunza kukataa apdeti, ukimuuliza mtu kwa nini simu yake haijaapdetiwa mwaka mzima anakwambia mara ya mwisho iliharibu kamera, na huwezi kumlaumu.

Ila kukataa nako kuna gharama. WannaCry, programu ya wadukuzi, ilivyosambaa Mei 2017 ikafunga mafaili ya watu na kudai hela, hospitali za Uingereza zikaahirisha mpaka matibabu, kiraka cha Microsoft kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka huohuo. Miezi miwili! Najua sababu zilikuwa nyingi, kuna mashine za zamani ambazo hazikuwa hata zinapewa viraka, lakini na woga wa apdeti umo. Na huo woga watu hawakuzaliwa nao, wamefundishwa na kampuni zenyewe.

Chukua apdeti ya Windows 10, mfumo wa kompyuta wa Microsoft, ya Oktoba 2018. Ilitoka, baada ya siku chache tu wakaisimamisha kwa sababu baadhi ya watu waliapdeti wakakuta mafaili yao yamefutika, picha, hati, kila kitu. Microsoft wakasema ripoti zilikuwa asilimia 0.01 tu ya walioinstoli, sawa, lakini kama we ndo umo kwenye hiyo 0.01 utaambiwa nini? Kilichoniuma zaidi, walikuwepo watu wa majaribio walioripoti tatizo hilo kabla halijatoka, likapotea kwenye rundo la maoni. Baadaye ndo wakaongeza sehemu ya mtu kueleza tatizo lake ni kubwa kiasi gani. Yaani kabla ya hapo "rangi ya hii batani siipendi" na "mafaili yangu yamefutika" vilikuwa vinapanga foleni moja.

Mtu ataniambia basi tuletewe viraka vya usalama peke yake, fasta, kwa wote. Hapo ndo namkumbusha CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, tarehe 19 Julai 2024. Ile haikuwa batani mpya, lilikuwa faili la kuisaidia programu ya ulinzi kutambua mashambulizi, wakalituma kwa wateja kwa mkupuo. Programu ilikuwa inatarajia vipengele 20, faili likataka isome cha 21 ambacho hakipo, kompyuta kama milioni 8.5 zikaanguka kwenye skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikigoma kabisa. Walilirudisha nyuma ndani ya dakika 78, lakini mashine iliyokwisha kuanguka ilibidi mara nyingi mtu aende mwenyewe akalifute lile faili kwa mkono. Matoleo ya programu yenyewe wateja walikuwa wanaweza kuyachelewesha, mafaili ya namna ile hapana, yanaingia moja kwa moja. Wangeanza na mashine chache wakasubiri hata saa moja ingekuwa habari ndogo sana. Kwa hiyo usalama nao unapimwa, tena kwa awamu.

Na inawezekana, wapo wanaofanya. Firefox wana toleo la ESR tangu 2012, unapata viraka vya usalama na mambo mapya yanakuja karibu mara moja kwa mwaka. Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure, wana LTS, yaani toleo la kutunzwa miaka mingi, kila miaka miwili. Debian, mfumo mwingine wa aina hiyo, ndo kabisa, hawana haraka, toleo linatoka likiwa tayari. Tatizo ni kwamba kutunza toleo la zamani ni kazi ya watu wazima, kila kiraka inabidi ukirudishe nyuma kwenye kodi ya programu, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, ambayo hakuna anayeipenda tena, na hakuna developa anayepandishwa cheo kwa kurekebisha tarehe kwenye apu ya noti, anapandishwa kwa kuleta kitu kipya cha kuonyesha kwenye mkutano. Apple waliwahi kusimama mbele ya watu wakatangaza kwamba Snow Leopard ya 2009, mfumo wa kompyuta zao za Mac, ina vitu vipya sifuri, watu wakafurahi kweli. (Nayo ikatoka na bagi ya kufuta data za watu waliotumia akaunti ya mgeni, kwa hiyo hata huko sio peponi.)

Mi kwa sasa nimezima apdeti za zenyewe kwenye apu zote, nimeacha mfumo wa simu na brauza tu, nyingine nasubiri wiki mbili niwasikie wengine wanalia nini kwanza. Najua natumia wenzangu kama testa, sijisikii vizuri.

Jana nimepata barua pepe kutoka kwa wale wa noti. Ripoti yako imefungwa kwa sababu toleo uliloliripotia halitumiki tena, tafadhali jaribu toleo jipya. Nikajaribu jana hiyohiyo, saa nne usiku, noti ikaandikwa tarehe ya leo.