Alikusuka nani hivi?

Jumamosi iliyopita nilikaa Kenyatta Market, Nairobi, kwa muda wa saa tatu nikifumuliwa rasta. Kusukwa hakukuwepo, ni kufumuliwa tu. Wasusi walikuwa wawili, mmoja kila upande, na harufu ya nyama choma ya vibanda vya jirani ikanijaribu hadi nikakaribia kuinuka na kichwa nusu. "Dada, alikusuka nani hivi?" mmoja akauliza, kwa ile sauti ya fundi anayemlaumu fundi aliyemtangulia. "Amefunga vifundo huku chini kama mtu asiyejua kuna siku ya kufumua."

Nilicheka, maana nilikuwa na simu mkononi nikisoma habari za plastiki, na plastiki tulizonazo zimesukwa vivyo hivyo. Chukua polithini ya mifuko. Ni uzi mrefu wa kaboni iliyoshikana na kaboni, mwanzo hadi mwisho, hauna mahali pa kuingiza kitana. Aliyeusuka hakuwaza siku ya kuufumua.

Sasa kuna wanakemia wanaosuka uzi wa namna nyingine, kwa kutumia kaboni dayoksidi, gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi za matatu na ambayo kule Kereita, kaunti ya Kiambu, huchimbwa ardhini ikatiwa kwenye soda. Ugumu ni kwamba gesi hii haina hamu na kitu. Ni jivu lililo katika umbo la hewa, na jivu haliwaki mara ya pili. Lazima ioanishwe na kitu chenye hamaki ya ndani, nacho ni epoksidi: molekuli yenye pete ya pembe tatu iliyobanwa hadi inatafuta kisingizio cha kufunguka. Mwaka 1969, Shohei Inoue na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba mchanganyiko wenye zinki unaweza kuzisuka hizo mbili kwa zamu, epoksidi, gesi, epoksidi, gesi, hadi ukatoka uzi wa polima, yaani molekuli ndefu ya vipande vinavyojirudia.

Mchanganyiko kama huo huitwa kichocheo, na kichocheo, basi, ni vidole vya msusi. Hupita kwenye kila msuko na havibaki kichwani. Kile cha mwanzo kilikuwa kizembe, na tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuvinoa vidole. Maana visipoongozwa, hasa joto likizidi, viungo hivyo viwili hujikunja vikawa pete ndogo isiyo na maana kwa anayetaka uzi, na kazi inaharibika. Charlotte Williams na kundi lake kule Oxford wameunda vichocheo vyenye metali mbili zilizokaa bega kwa bega. Katika kimojawapo magnesiamu huishika epoksidi, na kobalti huusukuma mwisho wa uzi uje uishambulie. Yeyote aliyewahi kusukwa anajua: mkono mmoja unashika, mwingine unavuta. Mkono mmoja peke yake haufiki mbali.

Hapo ndipo matangazo huingia na kutuambia kwamba plastiki hii "inakula moshi". Mimi siipokei sifa hiyo. Ni kweli kwamba katika polima moja ya kundi hili, polipropilini kaboneti, gesi ni kama asilimia 43 ya uzito. Lakini dunia hutengeneza plastiki zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka, huku nishati peke yake ikimwaga hewani gesi hiyo kwa tani zaidi ya bilioni 35. Hata plastiki yote ya dunia ikisukwa hivi kesho asubuhi, tutakuwa tumepunguza chini ya asilimia moja. Hicho ni kijiko cha maji kutoka Bwawa la Ndakaini linalonywesha Nairobi.

Kinachonivutia mimi ni kufumua. Uzi huu una oksijeni katikati, kwa hiyo kitana kinapata pa kuingia. Kundi hilohilo la Oxford limeonyesha kwamba kichocheo chenye magnesiamu mbili, kikitiwa joto na gesi ikiachiwa nafasi ya kutoka, huufumua uzi kuanzia mwishoni na kurudisha epoksidi tayari kwa kusukwa upya. Tofauti yake na kuyeyusha chupa kuukuu upate beseni hafifu ni kubwa, kwa sababu unapata nywele mpya.

Kasoro zipo. Polipropilini kaboneti hulegea kwenye joto la karibu nyuzi 40, kwa hiyo usiitegemee na chai ya maziwa. Nyingine ya jamaa hiyo huvumilia joto ila huvunjika kama biskuti. Na epoksidi nyingi bado hutoka kwenye mafuta ya petroli, ingawa Geoffrey Coates na wenzake, Marekani, walikwisha kutumia mwaka 2004 ile itokanayo na limonini, mafuta ya maganda ya machungwa. Kila nikipita soko la Marikiti huyafikiria maganda yale.

Tuliunga mkono marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mimi nikiwa mstari wa mbele na kiondo changu. Machi 2022 mataifa yalikubaliana papa hapa Gigiri, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa, kuanza kuandika mkataba wa plastiki. Ningekuwa na kiti mle ndani ningedai jambo moja: plastiki mpya isiingie sokoni kabla mwenye nayo hajaonyesha nani ataifumua, wapi, na kwa kichocheo gani. Waokota taka wa dampo la Dandora huchambua kwa macho na vidole. Ukiwaletea chupa ngeni inayofanana na zile za kawaida, mzigo wao mzima unachafuka na bei inashuka, na aliyeisuka yuko Ulaya anapokea tuzo.

Saa kumi wasusi walimaliza. Zile rasta, ambazo nazo ni plastiki, zilifagiliwa zikaingia kwenye gunia pamoja na za wengine, na mvulana wa mkokoteni akaja kulichukua. Kusukwa upya waliniambia elfu mbili na mia tano. Kufumuliwa, kwa saa zote tatu na mikono minne, walinitoza mia tatu.