Mwenye virusi vingi naye atibiwe

Nimesoma makala kuhusu nani yuko hatarini zaidi kufa kwa Ebola, na mwandishi wake amesema kweli: wingi wa virusi kwenye damu siku mgonjwa anapofika ndio unaoonyesha zaidi kama Ebola itamuua. Figo nazo zitazamwe. Kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huichuja kwenye damu) ikiwa juu, hali si nzuri. Ila naomba kipimo cha wingi wa virusi kisitumike kumkatia mtu tamaa. Kwenye majaribio ya dawa huko Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo (DRC), yaliyoanza 2018, waliopewa mAb114 au REGN-EB3 (dawa za kingamwili dhidi ya Ebola) wakiwa na virusi vichache alikufa takriban 1 kati ya 10. Wenye virusi vingi walikufa zaidi ya nusu, lakini wapo waliopona! Na kila siku iliyopita kabla ya matibabu iliongeza hatari. Watu wetu huanza na panadol, kisha dawa za malaria, wanafika wameshaishiwa maji mwilini. Jamani, huyo atundikiwe dripu kwanza, majibu ya maabara yatamkuta kitandani.