Msizime kashe yote ya NFS kwa ajili ya folda moja

Kuna ushauri unaopendwa sana na mafundi wenzangu wa IT hapa Dodoma. Ukiona seva moja haioni faili ambalo seva nyingine imeshaliandika kwenye folda ya pamoja inayofikiwa kwa NFS (njia ya kompyuta kufungua mafaili yaliyo kwenye seva nyingine kupitia mtandao), weka noac, yaani zima kashe (akiba ya majibu), kwenye mount (pale folda hiyo inapounganishwa), urudi ukanywe chai. Mimi naupinga. Unafanya kazi, hilo sikatai, na ndiyo maana umeenea. Lakini gharama yake wanailipa watu ambao hawakuwa na shida yoyote.

Chukua ofisi moja hapa mjini, jina tuliache. Masijala wanaskani barua, PDF inaingia kwenye seva ya mafaili, na seva nyingine ya Linux yenye mfumo wa barua inaifikia folda hiyo kwa NFS. Dada wa masijala anapiga simu ghorofani: "Bosi, ile barua ya halmashauri nimeshaiingiza." Bosi anafungua mfumo, unamwambia hati haipo. Anabofya tena, haipo. "Mbona mimi sioni kitu, dada?" "Ipo bosi, naiona hapa mbele yangu." Na kweli ipo. Inapita kama dakika moja, barua inajitokeza yenyewe, lawama zote zinakwenda kwa mtandao.

Mtandao umesingiziwa. NFS, tangu Sun Microsystems walipoitoa miaka ya 1980, haikukusudiwa kuisumbua seva kwa kila swali. Kompyuta mteja hukumbuka majibu kwa muda. Kwenye Linux, usipogusa chochote, habari za faili la kawaida hukumbukwa kati ya sekunde 3 na 60, na habari za folda kati ya sekunde 30 na 60. Folda ikiwa imetulia, muda huo hupanda hadi kufika 60. Ikibadilika, hurudi chini. Ndiyo maana ukichunguza malalamiko ya ofisi kama hiyo utakuta barua ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayosumbua zaidi, maana folda imelala usiku kucha bila kubadilika.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mteja hakumbuki vilivyopo tu, anakumbuka na visivyokuwepo. Mfumo ukiuliza "faili la barua hii lipo?" kabla halijafika, seva inajibu halipo, na jibu hilo linawekwa akiba. Ni sawa na kumtuma kijana soko la Majengo akaulizie zabibu, akarudi na "bado hazijafika", kisha wewe ukawa unamrudishia jibu hilohilo kila anayekuuliza bila kumtuma kijana tena. Yule aliyeandika programu yenye kuulizia faili kila sekunde alidhani anaharakisha mambo, kumbe hilo swali la mapema ndilo linalotengeneza jibu bovu.

Dalili yake ni ya ajabu kidogo. Unaingia kwenye seva ya mfumo, unaandika ls (amri ya kuorodhesha mafaili) kwenye ile folda, faili unaliona. Unarudi kwenye programu, nayo inaliona! Fundi anaondoka akisema hapakuwa na tatizo. Kilichotokea ni kwamba kufungua folda kumemlazimisha mteja aiulize seva upya habari za folda, akagundua imebadilika, akatupa majibu ya zamani. Nimeona hadi skripti za kuendesha ls kila baada ya muda mfupi, zimewekwa kama dawa. Inachekesha, lakini walau haimuumizi mtu.

noac inaumiza. Inazima akiba ya habari za mafaili na folda zote kwenye mount hiyo, na juu yake inalazimisha kila uandishi usubiri seva ikamilishe. Mount hiyohiyo ikiwa imebeba na kumbukumbu za miaka iliyopita, picha na ripoti, Jumatatu asubuhi kila mtu anasubiri kwa sababu ya folda moja ya barua zinazoingia. Hata mwongozo wenyewe wa NFS kwenye Linux unaonya kwamba noac inapunguza kasi sana.

Dawa ndogo ipo, ni lookupcache=pos. Maana yake: endelea kukumbuka vilivyopo, lakini ukitaka kusema kitu hakipo, kaulize seva kwanza. Itenge folda ya barua zinazoingia iwe na mount yake, weka hiyo, na ukitaka shusha acdirmin na acdirmax (muda mfupi na mrefu zaidi wa kukumbuka habari za folda) hadi sekunde chache. Folda nyingine ziachwe na akiba yake. Na masijala waandike faili kwa jina la muda, likikamilika ndipo libadilishwe jina humohumo ndani ya folda. Hapo hakuna atakayefungua PDF iliyofika nusu. Bora zaidi, mfumo usipeleleze folda kabisa. Upewe taarifa na anayeandika kwamba faili limekamilika na jina lake ni hili.

Ukifanya yote hayo na bado folda inaonyesha orodha ya zamani hata baada ya dakika tano, hiyo si kashe ya muda tena. Tazama diski ya seva. Mteja wa NFSv3 (toleo la tatu la NFS) hujua folda imebadilika kwa kuangalia saa ya mabadiliko, na mfumo wa mafaili (namna diski inavyopanga mafaili) wa zamani kama ext3 huandika saa hiyo kwa sekunde nzima tu. Mafaili mawili yakiingia ndani ya sekunde moja, mteja akasoma folda katikati yake, saa haibadiliki, naye ataamini orodha yake imekamilika mpaka kitu kingine kiguse folda. NFSv4 ilileta namba ya mabadiliko kwa ajili ya shida kama hii, mradi mfumo wa mafaili ulio chini nao uwe na uwezo wa kuitunza vizuri. Ofisi inayoskani kurasa nyingi kwa mkupuo ikiwa bado ina seva ya ext3 na NFSv3, hapo sitoi ushauri wa mipangilio. Hamisheni data.

Kwa wanaofungua folda ya pamoja kwa Windows, kupitia SMB (njia yake ya kushirikisha folda) badala ya NFS, habari ni fupi zaidi: orodha ya folda hukumbukwa sekunde 10, na "faili halipo" sekunde 5, kwa mipangilio ya kawaida. Wengi hawatagundua chochote. Huyo bosi wa ghorofani kompyuta yake ni Windows, lakini barua haifungui kwenye folda, anaifungua kupitia mfumo ulioko kwenye Linux, kwa hiyo kumwambia abonyeze F5 ili folda isomwe upya ni kumpotezea muda.